Usimwondoe Mlinzi wa Taa

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

  Leo nazungumza juu ya taa. Ni ile taa ndogo ya sola inayoning'inia ndani kwako, ile unayoiwasha mtoto akisoma, au mgonjwa akiomba maji usiku. Na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita taa ya mama yangu ilianza tabia mbaya. Inawaka vizuri saa moja, saa mbili, halafu ikifika saa nne usiku inazima ghafla, giza tupu. Mimi nilikuwa nimesoma fizikia kidogo sekondari, nikajiona fundi. Nikaifungua. Ndani nikakuta betri, vidoti vya njano vya LED, na kisaketi kidogo chenye koili ya waya. Nikaamua kisaketi ndicho kibovu. Nikakikata, nikaunga LED moja kwa moja kwenye betri.

Ikawaka kuliko siku iliponunuliwa! Majirani wakaja kushangaa. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimekata visaketi vya taa tatu nyingine, na nimelipwa maharage.

Ndugu msikilizaji, taa zote nne zilikufa. Moja ilikuwa ya bibi mmoja jirani yetu. Alirudi kwenye kibatari. Usiku mmoja paka akakiangusha, kona ya turubai ikashika moto. Tuliuzima kwa mchanga na kwa maji aliyokuwa ameteka kwa ajili ya asubuhi. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu, lakini kadi yake ya mgao iliungua pembeni. Kile kiraka cha turubai kipo hadi leo. Nikipita pale naona kazi ya mikono yangu.

Basi kile kisaketi nilichokikata kilikuwa na kazi gani? Mafundi wanakiita draiva. Mimi nakiita mlinzi.

LED haijui kushiba. Balbu ya zamani ya waya, ikipata moto, yenyewe inaubana umeme. LED ni kinyume chake. Ukiiongezea volti kidogo tu, inameza umeme mwingi zaidi. Ikipata joto, inameza zaidi tena. LED nyeupe moja inataka volti 3 hivi. Betri ya lithiamu kama ya simu, ikijaa, ina volti 4.2. Ukiziunganisha bila mlinzi, siku za kwanza utaona mwanga wa ajabu. Ule mwanga ni LED inaungua.

Sasa, umeme unaweza kupunguzwa kwa njia mbili. Fikiria bomba la maji lenye nguvu, na wewe unataka maji kidogo, yatoke sawasawa. Njia ya kwanza ni kuacha bomba wazi, ukachukua unachotaka, mengine yakamwagika chini. Ndivyo rezista inavyofanya. Ukiunga LED moja kwenye betri ya volti 12 kwa rezista, robo tu ya umeme inafika kwenye LED. Robo tatu inageuka joto.

Njia ya pili ni kufungua na kufunga bomba harakaharaka, maji yakaingia kwenye ndoo yenye tundu dogo chini. Bomba linakatizwa, lakini pale chini maji yanatoka bila kukatika. Hiyo ndiyo kazi ya draiva. Swichi yake inafungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde moja, na ile koili ndiyo ndoo. Draiva nzuri inafikisha kwenye LED asilimia 85 hadi 90 ya umeme wa betri, wakati mwingine zaidi.

Na mlinzi huyu hakai tu, anapima. Kila wakati anaangalia ni umeme kiasi gani unapita kwenye LED. Betri ikijaa, anapunguza muda wa kufungua. Betri ikishuka, anaongeza. Ndiyo maana taa nzuri inawaka vilevile saa moja jioni na saa tano usiku. Taa isiyo na mlinzi inaanza kwa kelele, kisha inafifia kidogo kidogo.

Betri ikikaribia kwisha, saketi inazima taa kabisa. Haijaharibika, inaokoa betri, kwa sababu betri ya lithiamu ikinyonywa hadi mwisho inakufa. Hapo ndipo nilipokosea. Taa ya mama yangu ilikuwa inazima saa nne kwa sababu betri imezeeka, haishiki chaji. Saketi ilikuwa inasema ukweli, mimi nikaikata ulimi.

Kwa hiyo leo naomba mambo manne.

La kwanza: taa ikizima mapema, angalia betri kabla ya kulaumu saketi. Betri ya lithiamu usiichome kwa risasi ya kuunganishia, na usiitumie ikivimba. Inaweza kuwaka moto.

La pili: kama taa yako ina viwango vya mwanga, tumia kile cha chini unapozungumza au unapolala na mgonjwa. Ukishusha mwanga hadi nusu, masaa ya taa yanakaribia mara mbili, na jicho lako litaona tofauti ndogo tu.

La tatu: usiongeze LED kwenye taa kiholela. Draiva imepangiwa mzigo wake. Ukiunga mstari wa pili wa LED kando ya ule wa kwanza, umeme unagawanywa, yote miwili inafifia. Mmoja ukikatika, mwingine unaweza kubeba mzigo wote. Ukienda kwa fundi kubadilisha draiva, muulize: inapokea volti ngapi, inatoa umeme kiasi gani, na ni ya LED ngapi? Fundi anayejua hatakasirika.

La nne ni kwa wenye betri ya volti 12 na inveta. Inveta inapandisha umeme hadi volti 220, kisha balbu ya LED inaushusha tena. Safari mbili, na kila safari ina nauli. Tena inveta nyingi zinakula wati 5 au zaidi kwa sababu tu zimewashwa, hata bila taa. Piga hesabu nami. Betri ya pikipiki ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Tumia nusu ili isife mapema: 42. Balbu ya volti 12 ya wati 3 itawaka masaa 14. Balbu ya wati 3 kwenye inveta inayokula wati 6 haifikishi masaa matano. Betri ni ileile, paneli ni ileile. Kwa taa moja au mbili, nunua balbu ya volti 12. Inveta iache kwa kazi inayoihitaji kweli.

Yule bibi nilimrudishia taa, yenye draiva mpya na betri mpya. Ilinichukua miezi mitatu ya kubeba matofali. Nilipomkabidhi aliishika, akaigeuza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii hujaifungua?" Nikamwambia, "Hapana, bibi. Hii sijaigusa."

Akaitundika palepale, chini ya kiraka.

Nakutakia usiku wenye mwanga wa kutosha hadi asubuhi. Kama una swali, mwachie mtangazaji wa kambini kwako, tutalijibu katika kipindi kijacho. Kwaheri ya kuonana.

(Muziki wa kufunga.)