Simu Zetu na Afya za Watu: Tusiichezee Imani Tuliyopewa

(Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye semina ya vijana wa chama. Wengi mliniomba niyaweke hapa. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nimepewa mada ya mitandao ya kijamii na huduma za afya. Sitawafundisha kufungua akaunti wala kutengeneza kundi la WhatsApp, maana kwa hilo nyie ndio walimu wangu. Nataka tuzungumze jambo moja: imani. Leo mama yako akisikia kuna ugonjwa, hasubiri taarifa ya habari. Anakuuliza wewe: "Hebu angalia huko kwenye simu, wanasemaje?" Imani hiyo tuliipataje, na tukiichezea nani ataumia?

Tuanze na ilikotoka. Mwanzoni mwa Mei 2020 Serikali ilifikisha hesabu ya wagonjwa 509 wa Corona na vifo 21. Baada ya hapo, kimya. Juni Rais Magufuli akatangaza kwamba Mungu ameiondoa Corona nchini. Julai zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka. Yaani takwimu hupewi, na ukiuliza kwa sauti unatafuta kesi.

Wananchi walifanya nini? Walirudi kwenye simu. Kundi la ukoo, kundi la kikoba, kundi la waliosoma pamoja, yote yakageuka mbao za matangazo ya misiba. Mnalikumbuka lile neno, "changamoto ya upumuaji". Hakuna aliyetaja ugonjwa, lakini kila mtu alihesabu. Nani alimwambia mzee wako asiende kwenye mkusanyiko? Si tangazo la Serikali. Ni wewe, kwa ujumbe wa simu.

Na kuna mtu mmoja lazima tumtaje kwa heshima, hata kama wengine humu hatukuwa chama kimoja naye. Mwishoni mwa Januari 2021, wakati kusema "nina Corona" ilikuwa kama kukiri kosa, chama cha ACT Wazalendo kilitangaza hadharani kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameugua Corona. Februari 17 Maalim akafariki. Tangazo lile lilienea simu kwa simu nchi nzima, na watu waliobishana mwaka mzima wakanyamaza. Kiongozi mmoja kuruhusu ukweli wa ugonjwa wake usemwe kulifanya kazi ambayo mabango elfu yasingeifanya. Lakini zingatieni: ulikuwa ugonjwa wake, na ukweli ulitoka upande wake mwenyewe. Hakuna aliyempiga picha kitandani kwa siri. Nitalirudia hilo.

Sasa, makamanda, njia ileile iliyobeba ukweli ilibeba na uongo. Julai 2021 zilifika dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya Janssen, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Simu zetu zikajaa nini? Ukichanjwa unakufa baada ya miaka miwili. Ukichanjwa huzai. Wengine tuliwacheka walioamini. Mimi sikucheka. Serikali iliyokaa miezi mingi ikisema ugonjwa haupo, halafu ghafla inakuja na sindano ya ugonjwa huohuo, itaaminiwa na nani? Ukificha ukweli leo, kesho hata ukisema kweli unaonekana tapeli.

Na somo halikueleweka. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba kuna wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Januari 20 Rais mwenyewe, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja Biharamulo amethibitishwa. Katikati hapo ni siku sita. Mtu wa Biharamulo siku hizo sita alitakiwa kujua jambo dogo tu: je, nimwoshe marehemu wangu kama kawaida, au nisimguse? Marburg inaambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Habari ya namna hiyo ikichelewa, inachelewa na uhai wa mtu.

Hiyo ndiyo hoja yetu dhidi ya walioko madarakani, na tuna haki ya kuisema. Lakini leo sikuja kuwasema wao peke yao. Nimekuja kuuliza: sisi tunazitumiaje simu zetu?

Kuna mambo yanafanya kazi, tujifunze kwayo. Mwaka 2012 ulianza mpango wa Wazazi Nipendeni. Mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, akawa anapokea ujumbe wa kumkumbusha kliniki na dalili za hatari. Hauhitaji bando, unaingia hata kwenye kitochi. Kuna m-mama: unapiga 115, bure, mjamzito au mtoto mchanga aliyepata dharura anatafutiwa usafiri, na pale gari la wagonjwa halipo anatumwa dereva wa hapohapo kwenye jamii anayelipwa kwa safari hiyo. Kuna 199 ya Wizara ya Afya, nayo bure. Mimi ni mpinzani, ila namba inayookoa mjamzito siipingi. Angalieni zinachofanana: ni rahisi, hazina gharama, na mwisho wa simu kuna mtu halisi, kuna nesi, kuna gari. Kundi lenye watu 500 ambalo mwishoni mwake hakuna gari wala nesi ni kijiwe tu.

Sasa tuje kwenye michango. Hakuna humu ambaye wiki hii hajaona "Ndugu yetu amelazwa, anahitaji upasuaji, chochote ulichonacho". Tumechangia, na tutaendelea kuchangia, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini fikirini kidogo. Nani anachangiwa? Mwenye mpwa mwenye simu janja. Mwenye mtoto anayejua kuandika maneno ya kuliza watu. Mwenye picha inayotia huruma. Bibi wa kijijini asiye na mtu kwenye kundi lolote anakufa kimyakimya, kwa ugonjwa uleule, kwa kukosa hela ileile. Mchango ni utu. Mchango si sera. Mwaka 2001 kule Abuja nchi za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Novemba 2023 Bunge letu likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila mnapopitisha mchango kwenye kundi, mkumbushane ahadi hizo mbili. Msizoee kuombaomba mkadhani ndiyo huduma ya afya yenyewe.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa nawagusa wenyewe. Kuna video ilinifikia kwenye simu, ya dada aliyejifungulia kwenye korido ya kituo kimoja cha afya. Sura inaonekana, kitenge kimemvuka, analia. Chini yake kumeandikwa: "Haya ndiyo maendeleo yenu!" Aliyeirusha ni wa upande wetu, na walioisambaza ni wa upande wetu. Hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Lakini nani alimuuliza yule dada? Mtoto wake atakua, siku moja ataiona. Na mjamzito mwingine wa kata ile anajiambia nini? "Nikienda pale nitarekodiwa." Anabaki nyumbani, anajifungulia kwa jirani. Tukadhani tumeisema Serikali, kumbe tumemfukuza mgonjwa kwenye huduma.

Isitoshe, ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hali ya mtu kuhusu VVU inalindwa tangu sheria ya 2008. Tunaotaka kuongoza nchi kwa kufuata sheria hatuwezi kuanza kwa kuivunja mgongoni kwa mama mzazi.

Mtaniambia: "Kamanda, bila picha hakuna atakayeamini, na chawa watasema tumezusha." Nawaelewa. Jibu langu ni hili: pigeni picha kituo, si mgonjwa. Pigeni picha rafu tupu ya dawa. Pigeni picha korido kabla hajalala mtu. Andikeni tarehe, jina la kituo, dawa iliyokosekana, na mlichoambiwa. "Dawa hakuna, kanunueni nje" mara moja ni malalamiko. Maneno hayohayo mara 20, yakiwa na tarehe 20 na dawa zilizotajwa kwa majina, ni ushahidi. Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito na watoto chini ya miaka 5 watibiwe bure kwenye vituo vya umma. Ushahidi wenu uwekeni pembeni ya sera hiyo, muone nani atapata la kujibu.

Kwa hiyo napendekeza kila tawi litoke hapa na utaratibu, na admini wa kila kundi ausimamie.

Kwanza, habari ya ugonjwa isiyo na chanzo, tarehe na mahali, haiingii. Sauti ya "daktari mmoja wa Muhimbili" asiye na jina, iliyokwishasambazwa mara nyingi, inafutwa, hata kama inaikandia Serikali. Hasa kama inaikandia Serikali, maana hizo ndizo tunazoziamini haraka.

Pili, namba 199 na 115 zikae juu ya kundi muda wote, na kila mtu aziandike kwenye karatasi ukutani kwake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa. Makundi yote yakafa. Dharura ya mjamzito haisubiri intaneti irudi.

Tatu, hakuna sura, jina, wala cheti cha mgonjwa bila ridhaa yake mwenyewe. Na mtu aliye kwenye uchungu wa kuzaa hawezi kutoa ridhaa, msijidanganye.

Nne, hakuna kuuziana dawa kwenye makundi ya chama. Dawa ya nguvu, ya kupunguza tumbo, ya kusafisha kizazi, zote nje. Dawa husajiliwa na TMDA, siyo na mtu mwenye wafuasi wengi Instagram. Mkikutana na mwanachama mwenye kidonda kisichopona, msimtafutie dawa kwenye kundi. Mtafutieni nauli ya kufika hospitali.

Tano, ushahidi mkishaukusanya, anzeni na kamati ya usimamizi ya kituo, halafu diwani, halafu mtandaoni. Kwenye kamati zile wananchi wana nafasi. Vijana wangapi humu mmewahi kuomba kuingia? Tunapigana mtandaoni usiku kucha kuhusu zahanati ambayo kamati yake hatujui inakaa lini.

Sita, na hili msilisahau: wengi tunaotaka kuwatetea hawamo kwenye kundi. Wana kitochi, au hawana hata hicho. Ukipata habari ya kweli kuhusu chanjo, kipindupindu au kliniki ya macho, vaa viatu, nenda nyumba ya tatu, ya nne, kagonge hodi. Mtandao wa chama ulikuwepo kabla ya WhatsApp. Unaitwa balozi, unaitwa tawi, unaitwa miguu.

Wapo watakaosema haya yanatupoza, kwamba wenzetu wa upande wa pili wanasambaza uongo kwa fedha huku sisi tunahangaika na tarehe na vyanzo. Ni kweli, ukweli unakwenda polepole. Lakini ule mwaka wa kimya watu walitukimbilia kwa sababu tuliwaambia walichofichwa. Siku wakigundua kwamba na sisi tunawaficha, au tunawapiga chumvi, au tunawaanika wagonjwa wao ili tupate wafuasi, hawatarudi Serikalini. Watabaki bila pa kumwamini mtu yeyote. Na ugonjwa ukija kwenye nchi ambayo hakuna anayemwamini mwenzake, unapita nyumba kwa nyumba bila hodi.

Tunaomba nchi, makamanda. Mwananchi ana haki ya kutupima kwa vitu vidogo kwanza. Ametupa siri ya ugonjwa wa mama yake kwenye kundi la watu 300. Aone tumeilindaje.

 Aluta continua!