Mluzi na Mgawo: Funzo la Ndege wa Asali kwa Vyama vya Msingi

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mluzi ni mwito mwepesi kuliko miito yote. Hauhitaji fedha wala chombo. Midomo na pumzi vyatosha. Mchungaji huwaita ng'ombe kisimani kwa mluzi. Mlinzi wa ghala hupuliza firimbi kuwaamsha majirani. Refa apigapo kipenga, wachezaji ishirini na wawili husimama papo hapo. Wazee wa sehemu nyingi huwakanya watoto wasipige mluzi usiku, kwani mwito usio na sababu huweza kuitikiwa na asiyetakiwa. Katika yote hayo nguvu haimo katika sauti. Imo katika mapatano baina ya aitaye na aitikiaye.

Mapatano hayo yaonekana wazi katika kazi ya kurina asali ya mwituni. Yuko ndege mdogo aongozaye watu kwenye asali, ambaye baadhi humwita mlembe. Hafugwi na mtu. Chakula akipendacho ni nta, lakini hana uwezo wa kupasua gogo wala kuwafukuza nyuki. Binadamu ana shoka na moshi, lakini hajui nyuki walipojificha. Kila mmoja anacho kile alichokikosa mwenziwe. Basi ndege hutangulia akiruka mti hadi mti na kulia, na mtu humfuata.

Waborana wa kaskazini ya Kenya humwita ndege huyo kwa mluzi mkali usikikao mbali zaidi ya kilomita moja. Huupuliza kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa kombe la konokono, au kwa kokwa lililotobolewa. Mwaka 1989 wataalamu Isack na Reyer walitangaza matokeo ya uchunguzi wao huko. Katika sehemu wasizozizoea, warinaji wasio na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Walioongozwa na ndege walitumia saa 3.2. Mluzi nao uliongeza maradufu nafasi ya kukutana na ndege.

Wayao wa Niassa, nchini Msumbiji, hawapigi mluzi. Wao hutetemesha ulimi, kisha humalizia kwa mguno. Habari hizo zingeweza kudharauliwa kuwa ni hadithi za wawindaji; lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulikuwa na hesabu. Kwa sauti nyinginezo, nafasi ya kuonyeshwa mzinga ilikuwa 17 katika kila mia. Kwa mwito wa Wayao ilipanda hadi 54. Mwaka 2023 ikajulikana zaidi. Ndege wa nchi ya Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi katika Tanzania, huitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Wale wa Niassa nao huitikia zaidi mwito wa Wayao. Ndege hufuata sauti aliyoizoea, ile ambayo mahali pake imekwisha kuwa na maana ya chakula.

Hili ndilo funzo la kwanza. Chama nacho kina miito yake: siku ya kufungua mizani, siku ya malipo, siku ya mkutano mkuu. Katibu akitangaza siku ya kupima mazao, na wanachama wakafika na mizigo kichwani wakakuta magunia hayapo na kasha ni tupu, mwito huo umeharibika. Safari ya pili watakuja nusu. Safari ya tatu atabaki karani peke yake na mizani yake.

Funzo la pili ni la mgawo. Wayao wakisha kurina humwekea ndege vipande vya nta juu ya majani mabichi. Wahadza mara nyingi hufanya kinyume: mabaki ya masega huyazika au kuyachoma, ili ndege abaki na njaa na arudi kuongoza tena. Desturi zote mbili zina hesabu yake, na porini zote mbili zimeleta asali.

Lakini mwanachama si ndege. Ziko halmashauri ziaminizo kimoyomoyo kuwa mkulima akicheleweshewa malipo ya pili, na akabanwa na deni la pembejeo, hatakuwa na budi kurudi kwa chama msimu ujao. Hapo ndipo hesabu hukosewa. Mlanguzi naye ana mluzi wake. Huupiga usiku nyuma ya nyumba, na fedha anazo mkononi. Mwanachama aliyeleta gunia saba bila kuonyeshwa makato yake atauitikia, hata kama bei ni ya kumpunja, kwa kuwa watoto wake wanahitaji karo sasa. Chama kikilalamika kwamba amekisaliti, chafaa kijiulize kwanza ni nani aliyevunja mapatano.

Kwa hiyo yafaa kila chama kitimize mambo matatu. Kwanza, tangazo la ununuzi lisitolewe kabla magunia, mizani iliyokaguliwa na fedha havijawa tayari. Pili, kila apimaye apewe stakabadhi papo hapo, yenye uzito, bei na kila kato kwa jina lake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, malipo yakichelewa kwa sababu za soko, sababu hizo zielezwe mapema mbele ya wanachama wote, maana mwenye kuelezwa huvumilia, na mwenye kufichwa huondoka.

Ndege wa asali hajasoma masharti ya ushirika, wala hana kadi ya uanachama. Hata hivyo huitikia, kwa kuwa mahali pake mwito huo umekuwa na chakula mwisho wake. Basi mwito wa chama nao uwe na chakula mwisho wake, na nta ya mwanachama iwekwe juu ya jani, mahali anapoiona.