Kabla ya kubadilisha jina, uliza kama liliandikwa

(Maneno ya memba mmoja wa komite mbele ya mkutano wa wanamemba. Tumeyaandika karibu vile alivyosema.)



Komite imeniomba niseme juu ya majina. Mimi si avoka. Niko tu mtu aliyepoteza jina lake, akalitafuta karibu miaka miwili, na sasa njia ile ninaijua.

Baba yangu aliitwa M'munga. Munajua jina hilo, na ile alama ndogo kati ya m mbili. Siku tuliyoandikishwa kambini, upande wa Kigoma, karani hakuwa Mbembe. Alisikia Munga, akaandika Munga. Mimi nilikuwa kijana, nikapokea karatasi ya posho na kufurahi. Posho haiulizi herufi. Tulipovuka ziwa 2007 na kushuka Baraka, karatasi ya kurudi ikasema Munga vile vile, na karte yangu ya uchaguzi ikafuata hiyo.

Shida ilikuja kwa shamba. Baba alikuwa amekufa kule. Karatasi ya zamani ya shamba, ile mama aliyoichunga ndani ya Biblia miaka yote ya kambi, imeandikwa M'munga. Yule aliyekuwa analima pale akasema mbele ya shefu: «Mutoto wa M'munga alikufiaga kule. Huyu ni Munga, njo mutu mwingine.» Na watu wakaitika na kichwa! Babu yangu amezikwa pale, mita chache, na mimi nikawa mgeni juu ya alama moja.

Nikaandika barua kwa tribinali de pe, kuomba kubadilisha jina. Karani wa grefu akaisoma yote, akaniuliza: «Papa, cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?» Sina. «Sasa unabadilisha nini?»

Nilikasirika, lakini alikuwa na haki, na njo neno ninataka mulishike leo. Kitabu cha sheria ya jamaa, cha 1987, kilichorekebishwa 2016, kipengele cha 64, kinakataza mtu kubadilisha jina, lote ao sehemu, ao namna ya kuliandika, ao mpangilio wake, vile lilivyotangazwa eta sivili. Mwamuzi anaweza kukubali, kama kuko sababu ya haki. Lakini sisi wengi hatujatangazwa eta sivili hata siku moja. Tulizaliwa kijijini, vita ikaja, tukakimbia. Karatasi za kambi si eta sivili. Basi mtu kama mimi habadilishi kitu: anaomba hukumu inayoshika nafasi ya cheti ambacho hakikufanywa kwa wakati wake. Wanaiita jugement supplétif. Jina linaandikwa pale mara ya kwanza, na unalileta likiwa sawa, na alama yake.

Kama cheti kiko na kina kosa la karani, hapo unaomba kusahihisha, nayo ni kwa mwamuzi pia. Kama cheti kiko sawa na wewe unataka jina lingine, hapo sasa njo kubadilisha kwenyewe, na utaulizwa sababu. Wazee munakumbuka 1972, wakati wa Mobutu, Joseph analala Joseph na kuamka hana Joseph. Ile ilikuwa amri ya mkubwa kwa inchi nzima. Leo kila mtu anapita peke yake.

Tribinali ni ile ya mahali unapokaa. Mimi nilipeleka karatasi ya kambi, karatasi ya ubatizo, ile ya shamba, na wazee wawili waliomjua baba. Karatasi za kambi musizitupe hata zikiwa na kosa, juu zinasaidia kuonyesha kama Munga na M'munga ni mtu mmoja.

Feza. Avoka wako na biro ya mashauri ya bure, BCG, pale barreau yao iko. Nenda useme ukweli wa hali yako. Pia kuko cheti cha umaskini, kinatoka kwa biro ya mambo ya jamii ya komini ao teritware. Ukiwa nacho, unaweza kumuomba prezida wa tribinali akuondolee malipo, yote ao nusu. Mimi sikujua, nikauza mbuzi wawili. Na yule kijana anayekaa chini ya muembe na kusema atakupatia cheti kesho bila mwamuzi, mumuache. Cheti chake kitakuangusha siku ile adui yako atakapokipeleka grefu kutafuta namba.

Hukumu ikitoka hujamaliza. Wengi wanaikunja na kuitia sandukuni. Ngoja siku za rufaa zipite, utafute certificat de non-appel, kisha peleka vyote eta sivili waandike ndani ya kitabu na kukupa cheti.

Watoto sasa. Waliozaliwa kule wana tangazo la kizazi lenye majina ya Kitanzania: lake, la baba, la babu. Huku fomu inauliza nom, postnom, prénom. Mwaka huu mwalimu anatia jina la babu mbele, mwaka ujao lile la mtoto. Binti yangu alifika mwaka wa tano wa sekondari na bulletin za mipangilio mitatu. Musingoje mwezi wa Examen d'État. Mtoto asiye na cheti na hajafika miaka 18, kesi yake ni ya tribinali ya watoto. Na wanaozaliwa leo, siku 90 mbele ya eta sivili, bila mwamuzi. Mama akiwa angali na nguvu kidogo, baba aende.

Mutaniuliza shamba. Kesi ingali kwa shefu. Lakini siku nilipoweka cheti mezani, yule ndugu alikisoma mara mbili, na tangu siku ile anasema juu ya mipaka tu, Munga hamtaji tena.

Siku ya Posho, saa tatu asubuhi, niko hapa na sekretere wetu. Kila mtu alete karatasi zote za nyumba, hata zilizoliwa na panya. Tutaangalia kwanza kama kuko kitu cha kubadilisha.