Ukiteremka Mlima, Acha Gari Kwenye Gia



Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, madereva hutafuta njia ya kupunguza gharama. Njia moja iliyoenea ni kutoa gia kwenye mteremko na kuliacha gari lijiendee kwa nyutro. Wengi huamini kwamba hapo mafuta yanaokolewa. Sivyo, na kwenye miteremko kama ya Mai Mahiu, au ya Sachangwan kuelekea Salgaa, imani hiyo inaweza kuua.

Magari mengi ya leo hupata mafuta kupitia nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Dereva akiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta huku gari likiwa kwenye gia, kompyuta hutambua mambo mawili: pedali imeachwa, na injini bado inazunguka kwa kasi. Hapo huzifunga nozeli. Injini haipati hata tone. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Kasi ya injini ikishuka sana, nozeli hufunguka tena ili isizimike.

Kwenye nyutro, magurudumu hayaizungushi injini. Lazima ichome mafuta ili iendelee kunguruma. Ni kidogo, lakini yanalipiwa.

Lori la dizeli nalo ni hivyo hivyo. Hata pampu za zamani hukata mafuta pedali ikiachwa na injini ikiwa bado na kasi. Magari ya kabureta, ambayo sasa ni machache, hayana kompyuta hiyo, lakini nayo yanahitaji gia mlimani kwa sababu ya breki.

Injini inayozungushwa na magurudumu hulizuia gari. Gia ikitolewa, mzigo wote huangukia breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto sana hupoteza nguvu. Kuzima injini ni hatari zaidi: breki huwa ngumu kukanyaga, usukani huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa usukani unaweza kujifunga.

Basi dereva afanye hivi. Kabla ya kuanza kuteremka, apunguze mwendo na aingize gia ya chini. Aachie mafuta, na akanyage breki kwa vipindi. Gari la otomatiki libaki kwenye D, na mteremko ukiwa mkali, liwekwe kwenye L au 2. Mjini, akiona tuta au foleni mbele, aondoe mguu kwenye mafuta mapema, gari likiwa kwenye gia, na akanyage klachi akikaribia kusimama.

Wenye magari ya biashara wanaombwa wawaeleze madereva wao jambo hili kabla ya safari ijayo.