Kompyuta Ndani ya Mita: Teknolojia Chipukizi na Utii wa Vitu vya Nyumbani

Mjadala wa umma kuhusu teknolojia mpya za kompyuta umezoea kuanzia kwenye vyombo vinavyovutia macho, kama vile simu yenye kioo kinachokunjwa, miwani inayoonyesha picha mbele ya mboni, au roboti inayopanda ngazi. Mhadhara huu unaanzia kwingine. Hoja yake ni kwamba maisha ya kila siku yanabadilishwa zaidi na kompyuta ndogo zilizopachikwa ndani ya vitu ambavyo zamani havikuwa kompyuta, yaani mita ya umeme, taa ya sola, mtungi wa gesi na bomba la maji la kulipia kabla, na kwamba kilicho kipya katika kompyuta hizo ni uwezo wao wa kusimamia masharti ya mtu ambaye hayupo nyumbani. Kitu kinachoweza kukataa kazi kwa amri ya aliye mbali, hali anayekitumia amekishika mkononi, ni kitu ambacho sheria na desturi za umiliki hazijakizoea.

Historia ya kufika hapo inajulikana vya kutosha na haihitaji kurefushwa. Mashine ya ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Mwaka 1971 kampuni ya Intel iliuza kichakataji cha 4004, yaani kiini cha kompyuta kilichokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni, kikiwa na transista 2,300, nazo ni swichi ndogo mno za umeme. Tangu hapo bei ya kukokotoa imeshuka kiasi kwamba leo hata kadi ya laini ya simu, ambayo watu huikata kwa mkasi ili itoshee kwenye simu nyingine, ina kichakataji, kumbukumbu na programu zake. Wakenya walipoanza kutumiana fedha kwa M-Pesa mnamo Machi 2007, menyu ya huduma hiyo ilikaa ndani ya laini yenyewe, na hiyo ndiyo sababu ilifanya kazi kwenye simu ya kawaida kabisa isiyo na intaneti.

Mtu aliyeifikiria mapema hali hiyo alikuwa Mark Weiser, mwanasayansi wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, ambaye mwaka 1991 alichapisha katika jarida la Scientific American makala kuhusu kompyuta ya karne ya 21. Weiser alisema kwamba teknolojia iliyokomaa huacha kuonekana, akaitaja sanaa ya kuandika kuwa mfano, kwa kuwa msomaji wa kibao cha barabarani hafikirii wino wala herufi, hufikiria njia. Alitabiri kuwa chumba cha kawaida kingekuwa na zaidi ya vijikompyuta mia moja vya kipimo cha inchi, pamoja na vingine kumi au ishirini vya ukubwa wa karatasi na kimoja au viwili vya ukubwa wa ubao wa darasani, vyote vikiwasiliana bila kumsumbua mwenye chumba. Kwa upande wa kutoonekana alipatia. Hata hivyo vyumba alivyovitazama vilikuwa ofisi za watafiti, ambamo umeme haukatiki na vifaa vyote ni mali ya mwajiri, kwa hiyo halikumjia sana swali ambalo kwa kaya ya Mbagala, Dar es Salaam, au Kibera, Nairobi, ndilo la kwanza: kifaa kikishatoweka ndani ya ukuta, kinamtii nani?

Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, inajibu swali hilo vizuri kuliko kifaa kingine chochote, na inastahili kuchunguzwa kwa kituo. Mamilioni ya kaya za Tanzania hununua umeme kwa utaratibu huu wa kulipa kadiri mtu anavyotumia, na majirani zao wa Kenya hununua tokeni kwa utaratibu ule ule, kwa kuwa nchi zote mbili zinafuata mfumo mmoja wa kiufundi uliobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kusambaa katika nchi nyingi. Mita nyingi za aina hii hazijaunganishwa na mtandao wowote. Habari inafikishwa kwenye mita kwa kidole cha binadamu, ambaye hubonyeza tarakimu 20 alizopokea kwa ujumbe wa simu au kwenye risiti ya duka, na ndani ya tarakimu hizo mna biti 66, yaani nafasi 66 zinazobeba sifuri au moja kila moja. Sehemu ya biti hizo hueleza aina ya tokeni, sehemu hueleza kiasi cha uniti, nyingine hutumika kukagua kama kuna kosa la uandishi, na 24 hutunza wakati ambapo tokeni ilitengenezwa. Karibu zote zimefumbwa, maana yake zimegeuzwa kwa hesabu ya siri ambayo mita moja tu, yenye ufunguo wake maalumu, inaweza kuigeuza tena, na ndiyo maana tokeni ya jirani haina faida hata ikiibwa.

Biti 24 za wakati huhesabu dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zina uwezo wa kuandika namba 16,777,216 tofauti, na dakika hizo zikigawanywa zinatimia miaka 31 na karibu miezi 11, hivyo hesabu ilikuwa lazima iishe tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haikurekebishwa ingeziona tokeni zote mpya kuwa za zamani na kuzikataa, kwa kuwa imeundwa isikubali tokeni ya zamani kuliko zile ilizokwisha kuziweka katika kumbukumbu yake, ikiwa ni kinga ya kuzuia tokeni moja kutumiwa mara mbili. Mwaka 2024 mashirika ya umeme, TANESCO na Kenya Power yakiwemo, yaliwaomba wateja kuingiza makundi ya ziada ya tarakimu ili kubadili ufunguo wa mita na kuhamishia mwanzo wa hesabu mwaka 2014, hatua ambayo imelisogeza tatizo hadi Novemba 2045. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya kurekebisha programu za kompyuta, nayo ilitekelezwa na mama wa nyumbani, wapangaji na wenye maduka, wakibonyeza tarakimu moja moja mbele ya ukuta, na ni wachache miongoni mwao walioambiwa kwamba walichokuwa wakikirekebisha ni kompyuta. Wahandisi waliochagua biti 24 hawakukosea, maana kila biti iliyoongezwa ingerefusha namba ambayo binadamu anapaswa kuibonyeza. Lakini uamuzi uliopitishwa na watu wachache kwa sababu nzuri ya kiufundi uliingia katika nyumba za mabara kadhaa na kukaa humo miaka 30 bila wenye nyumba kuujua.

Mita ina unyofu wake: haimwachi mtu akisia, kwa kuwa uniti zilizobaki zinasomeka, na mkopo haumo katika hesabu. Vifaa vilivyofuata vimekwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya mitambo midogo ya sola ya nyumbani ambayo mteja huilipia kwa siku kupitia simu, na ndani ya kila mtambo mna laini inayozungumza na kompyuta za kampuni, hivyo malipo yakikoma taa hujifunga, na yakirejea hujifungua. Utaratibu huo huo umehamia kwenye simu janja zinazouzwa kwa mtindo ambao Wakenya huuita lipa mdogo mdogo. Itakuwa dhuluma kuubeza, kwa sababu umewapa taa na simu watu ambao benki ziliwakataa kwa kukosa dhamana. Kifaa chenyewe kimekuwa dhamana, tena dhamana ambayo haihitaji dalali wala kijana wa kuja kubeba kochi.

Hapo ndipo sheria ya zamani inapoonekana kuwa na tundu. Sheria ya Kenya ya ununuzi kwa awamu, Sura ya 507, inaeleza kwamba mnunuzi aliyekwisha kulipa theluthi mbili ya bei hawezi kunyang'anywa mali pasipo muuzaji kwenda mahakamani, na kusudi la kifungu hicho linaeleweka kwa urahisi: aliyebakiza kidogo asipoteze chote kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya baiskeli, cherehani na redio, vitu ambavyo kuvitwaa kulimlazimu mtu kuingia nyumbani na kuvibeba. Simu inayofungwa kwa mbali haibebwi na yeyote. Inabaki mfukoni mwa mnunuzi, na mtu mwenye mawazo ya kisheria anaweza kusema kwamba hajanyang'anywa kitu. Kwa kipimo cha maisha ya kila siku, fundi bomba ambaye simu yake imezimwa siku mteja anapompigia amepoteza zaidi ya aliyechukuliwa redio. Inafaa wabunge na wanasheria waamue mapema iwapo kufunga ni kutwaa, kabla friji, pikipiki za umeme na mashine za kusaga hazijawa zote na kufuli ya namna hiyo.

Hatua inayofuata, ya kifaa kuamua chenyewe, tayari inaonekana. Hadi juzi, kazi nzito za akili unde, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi badala ya kufuata kanuni zilizoandikwa moja moja, zilifanyika katika majengo makubwa ya kompyuta yaliyo mbali, na simu ilikuwa mjumbe tu wa kupeleka swali na kuleta jibu. Sasa programu iliyokwisha kufundishwa inaweza kupunguzwa ukubwa hadi ikafanya kazi ndani ya kifaa chenyewe. Mfano mzuri umetokea katika mihogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na taasisi ya kilimo ya IITA walipiga maelfu ya picha za majani katika mashamba ya majaribio ya Bagamoyo, na mwaka 2017 walionyesha kwamba programu iliyofundishwa kwa picha hizo ilitambua magonjwa ya batobato, michirizi ya kahawia na madoa ya kahawia, pamoja na madhara ya utitiri wa aina mbili. Kutokana na kazi ya namna hiyo ilizaliwa programu ya Nuru, ambayo mkulima huielekeza kwenye jani na kupata jibu kwa Kiswahili, hata akiwa shambani pasipo mtandao. Ni msaada wa kweli, kwani maofisa ugani ni wachache, na michirizi ya kahawia inaweza kuozesha mizizi ardhini wakati majani yakionekana yana nafuu.

Sauti nayo inakwenda njia hiyo. Programu ya kutambua usemi hufundishwa kwa saa nyingi za watu wakisoma au kuzungumza, na Rwanda imeonyesha kwamba lugha isiyo na utajiri wa maandishi mtandaoni haihitaji kusubiri fadhila: wanaojitolea waliurekodia mradi wa kukusanya sauti wa Common Voice zaidi ya saa 2,000 za Kinyarwanda, kiasi kilichoiweka lugha hiyo miongoni mwa zile zenye rekodi nyingi zaidi katika mradi huo. Kiswahili kimo pia, lakini ugumu wake ni wa aina nyingine, kwa kuwa kinasemwa Pemba, Mombasa, Bukavu na Lubumbashi kwa matamshi na misamiati inayotofautiana, na mashine iliyozoea usemi wa watangazaji wa redio itawaelewa baadhi ya wasemaji kuliko wengine. Kosa dogo katika kuandika barua halina uzito mkubwa; kosa lile lile katika kifaa kinachopokea amri ya kulipa kwa sauti lina uzito, na anayeonewa na kosa hilo hapewi taarifa kwamba lafudhi yake ndiyo iliyomponza.

Nchi za eneo hili hazikulala kabisa. Uganda na Kenya zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda ikafuata mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na sheria hizo zinagusa uamuzi unaofanywa na mashine peke yake, zikimpa raia nafasi ya kuupinga au kuomba utazamwe na binadamu. Vifungu hivyo vinaoana vizuri na huduma kama M-Shwari: mkopo wa simu ulioanzishwa Kenya Novemba 2012, ambapo historia ya mteja ya kutumia simu na M-Pesa ndiyo iliyopima kiasi anachostahili kukopeshwa. Katika hali hiyo kuna kampuni inayojulikana, kuna kumbukumbu katika kompyuta zake, na kuna ofisi ya kupeleka malalamiko. Uamuzi unapohamia ndani ya taa, pampu au simu, unaweza kufanyika na kusahauliwa pale pale, na haki ya kuupinga inabaki karatasini, kwa kuwa mtumiaji hawezi kutofautisha kifaa kilichokataa na kifaa kilichoharibika.

Wahandisi hawahitaji kusubiri bunge katika hilo. Mita nyingi za kulipia kabla humwonyesha mtumiaji, akibonyeza tarakimu chache, uniti alizobakiza na taarifa nyingine za hali ya mita, na hakuna sababu ya kiufundi ya kifaa kipya na chenye nguvu zaidi kuwa kimya kuliko mita ya zamani. Kila kifaa kinachoweza kujifunga kingepaswa kutunza orodha fupi ya mara kilipojifunga, kwa amri ya nani na kwa sharti lipi, isomeke kwa Kiswahili au lugha nyingine ya mtumiaji bila intaneti na bila ruhusa ya muuzaji. Orodha hiyo inahitaji kumbukumbu ndogo tu, na mamlaka za viwango vya ubora zinaweza kuidai kabla bidhaa haijatoka bandarini.