Kabla Hatujanunua Hisa za Bomba la Mafuta

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano wa Kuadhimisha Miaka Kumi



Ni desturi katika siku kama ya leo Katibu asimame asome orodha ya mambo mema: magunia yaliyopokewa, magari yaliyonunuliwa na maghala yaliyoezekwa. Hayo Bwana Mwenyekiti amekwisha kuyaeleza kwa ufasaha, wala sina la kuongeza. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu, ambalo nimeulizwa katika kila chama cha msingi nilichokitembelea. Jambo lenyewe ni hili: Je, akiba ya Chama chetu, iliyokusanywa shilingi kwa shilingi kwa muda wa miaka kumi, yafaa itiwe katika hisa za kampuni ya bomba la mafuta?

Swali hili halikuzuka bure. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973. Mafuta yalianza kupita kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 bomba likafika Eldoret na Kisumu. Kwa miaka hiyo yote kampuni ilikuwa mali ya Serikali. Mwaka 2025 Bunge la Kenya liliidhinisha hisa za Serikali ziuzwe kwa umma, na tangu hapo hakuna mkutano wetu uliokwisha bila mtu kuinuka na kusema, “Bwana Katibu, nasi tusiachwe nyuma.”

Ndugu Wanachama, kabla ya kujibu sina budi kuungama. Katika mwaka wa tatu wa Chama Kikuu hiki, mimi nilikuwa karani wa chama kimoja cha msingi. Alikuja wakala wa kampuni moja, ambayo jina lake silitaji, akiwa na kitabu kizuri chenye picha za rangi, akatuahidi gawio la shilingi 18 kwa kila shilingi 100. Wazee walinipa kitabu kile nikisome, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza shule ya sekondari. Nikawasomea ukurasa wa gawio kwa sauti kubwa. Ukurasa wa madeni, uliokuwa nyuma kabisa kwa herufi ndogo, sikuusoma. Chama kikatoa shilingi 240,000, fedha zilizowekwa kwa ajili ya paa la ghala. Mwaka wa kwanza gawio lilikuja, na mwaka wa pili pia. Mwaka wa tatu halikuja gawio, na mwaka wa nne haikuwako kampuni. Masika mawili mazao yetu yalinyeshewa chini ya turubai. Mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: “Mwanangu, sisi tulikupa macho yetu ukatutazamie.” Hakusema zaidi. Paa lile lipo leo, lakini lililipwa kwa makato ya kila mwanachama, pamoja na wajane ambao hawakuwapo hata mkutanoni.

Kwa hiyo leo sitasema “nunueni,” wala sitasema “msinunue.” Nitasema jinsi ya kutazama.

Kwanza tufahamu biashara ya bomba. Kampuni ya bomba kwa kawaida haiuzi mafuta. Huchukua mafuta ya watu wengine na kutoza ujira kwa kila kipimo kipitacho, kama mwenye gari atozavyo kwa kila gunia. Kulitandaza bomba ni gharama kubwa mno, na gharama hiyo kwa kawaida hutoka katika mikopo. Lakini likiisha kulazwa, huweza kufanya kazi miaka 40 na zaidi ikiwa linatunzwa. Mikataba ya wateja nayo mara nyingi ni ya miaka mingi, na mingine humlazimu mteja kulipa hata asipopitisha kitu. Ndiyo sababu watu husema kwamba hisa za bomba ni mahali pa usalama. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli usiokamilika umewaangusha wengi. Nitawapa mifano miwili, yote kutoka mji wa Houston, katika jimbo la Texas, Marekani.

Mfano wa kwanza ni Enron. Kampuni hii ilizaliwa mwaka 1985, makampuni mawili ya mabomba ya gesi yalipounganishwa, ikawa na mtandao mkubwa sana wa mabomba. Mwenyekiti wake alikuwa Kenneth Lay. Baadaye iliona ujira wa bomba ni mdogo, ikageukia biashara ya kuuza na kununua mikataba. Mwaka 2000 ilitangaza mapato ya zaidi ya dola bilioni 100, na mwezi wa Agosti mwaka huo hisa yake moja iliuzwa kwa dola 90 hivi. Tarehe 2 Desemba 2001 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika, na hisa ilikuwa imeshuka chini ya dola moja. Wafanyakazi wengi walikuwa wameweka akiba zao za uzeeni katika hisa hizo hizo. Walipoteza kazi na akiba kwa pamoja.

Je, ishara hazikuwako? Zilikuwako. Kampuni ilipotia sahihi mkataba wa miaka mingi, iliandika daftarini faida yote iliyotazamiwa katika miaka hiyo, siku ile ile. Ndugu Wanachama, hiyo ni sawa na mkulima anayepanda mche wa kahawa asubuhi, na jioni akaandika kwamba amekwisha kupata faida ya mavuno ya miaka kumi! Faida ilionekana katika karatasi, lakini fedha taslimu hazikulingana nayo. Zaidi ya hayo, mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aliendesha mashirika yake ya pembeni yaliyofanya biashara na kampuni ile ile iliyomwajiri, na madeni yakafichwa humo. Tena Halmashauri ya Wakurugenzi ndiyo iliyompa ruhusa, mwaka 1999, kwa kuiweka kando kanuni yake yenyewe. Wakaguzi wa hesabu, Arthur Andersen, walilipwa mwaka 2000 kiasi cha dola milioni 52, na zaidi ya nusu ya fedha hizo haikuwa ya ukaguzi bali ya kazi nyingine. Mkaguzi anayekula sahani moja na anayekaguliwa atasemaje kwamba chumvi imezidi?

Na ishara nyingine ilisikika kwa masikio. Mwezi wa Aprili 2001, mkuu wa kampuni, Jeffrey Skilling, aliulizwa na mwekezaji mmoja kwa nini kampuni haitoi mizania yake pamoja na taarifa ya faida. Alimjibu kwa tusi, watu wote wakisikia. Miezi minne baadaye alijiuzulu. Kiongozi anayemtukana aulizaye hesabu amekwisha kuijibu hesabu yenyewe.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu hauna mwizi ndani yake. Richard Kinder alikuwa rais wa Enron, akaondoka mwishoni mwa mwaka 1996. Yeye na mwenzake, William Morgan, walinunua kutoka Enron biashara ya mabomba ambayo kampuni ile haikuithamini, kwa dola milioni 40 hivi. Wakaijenga ikawa Kinder Morgan, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya mabomba katika Amerika ya Kaskazini. Kinder alijilipa mshahara wa dola moja kwa mwaka. Utajiri wake ulikuwa katika hisa za kampuni, kwa hiyo akipata mwanahisa, yeye alipata, na akipoteza mwanahisa, yeye alipoteza. Nani asingemwamini kiongozi wa namna hii?

Hata hivyo, tarehe 8 Desemba 2015, kampuni hiyo ilitangaza kwamba gawio la kila robo mwaka litashuka kutoka senti 51 hadi senti 12 na nusu. Yaani aliyezoea kupokea shilingi nne alibakiwa na moja. Hisa iliyouzwa kwa zaidi ya dola 40 mwezi wa Aprili ilikuwa imeshuka chini ya dola 20. Kisa nini? Mabomba hayakupasuka, na wateja waliendelea kulipa. Ila kampuni iligawa karibu fedha zake zote kwa wanahisa, na kila ilipotaka kujenga bomba jipya ilikopa au iliuza hisa mpya. Deni likapita dola bilioni 40, zaidi ya mara tano ya mapato yake ya mwaka mmoja kabla ya riba na kodi. Bei ya mafuta ilipoanguka duniani, hisa za mabomba ziliteremka nazo, na wakopeshaji wakaanza kuangalia kwa jicho la wasiwasi. Ikabidi wachague: gawio au uhai wa kampuni.

Walichagua uhai, wakasema hadharani, wakapunguza deni mwaka hadi mwaka. Kampuni ipo hata leo. Lakini hadi mwaka 2025, miaka kumi baadaye, gawio lile lilikuwa bado halijarudi senti 51. Basi tujifunze: kiongozi mwema hapunguzi uzito wa deni, na bomba zuri halimtakasi kiongozi mbaya. Hapana budi tutazame mtu, na tutazame daftari. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomwa ni sawa na kukosa daftari.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kwamba kabla shilingi moja haijatoka, Halmashauri iteue watu watatu, wakae na taarifa za kampuni za miaka mitano, wajibu maswali haya sita kwa maandishi:

Kwanza, faida iliyoandikwa inafuatwa na fedha taslimu, au inabaki karatasini?

Pili, deni ni mara ngapi ya mapato ya mwaka mmoja kabla ya riba na kodi, na ni la fedha gani? Anayepata shilingi na kudaiwa dola ana hatari mbili.

Tatu, gawio linatoka wapi? Ikiwa linatoka katika masalio baada ya kulipa riba na kutunza bomba, ni halali yetu. Ikiwa linatoka katika mkopo, basi tunalishwa mbegu.

Nne, wateja ni nani na ujira hupangwa na nani? Kwetu Kenya ujira wa bomba husimamiwa na Mamlaka ya Kawi na Petroli, si kampuni yenyewe. Tena sehemu kubwa ya mafuta huendelea hadi Uganda na nchi za jirani. Mwaka 2023 Uganda ilipotofautiana na Kenya juu ya uagizaji wa mafuta, ilianza kutazama njia ya Tanzania. Mambo yalisuluhishwa mwaka 2024, lakini tusisahau kwamba mteja ana miguu.

Tano, viongozi wameteuliwa na nani, wanalipwa nini, wana hisa zao wenyewe, na je, wao au jamaa zao wanaiuzia kampuni chochote? Hili la zabuni lichunguzwe kwa makini, maana bomba halivuji mafuta tu.

Sita, mwaka ulipokuwa mbaya, viongozi walisema nini? Tuchukue ahadi za miaka mitano iliyopita tuzilinganishe na yaliyotendeka. Kila mtu hunena vizuri wakati wa mavuno.

Majibu hayo yasomwe katika mkutano mkuu kwa lugha ambayo kila mwanachama anaifahamu, na ukurasa wa madeni usomwe kwanza. Kama kutakuwa na swali moja lisilo na jibu, akiba na ikae mahali ilipo. Na hata maswali yote yakijibiwa vyema, tusitoe fedha za paa, za mbolea, wala za karo za watoto. Tutoe zile tu ambazo zikichelewa kurudi, hakuna ghala litakalonyeshewa.

Wako watakaosema kwamba Katibu ni mwoga. Nakubali. Nimeusikiliza mvua ikipiga turubai usiku kucha, huku nikijua ni ukurasa gani niliouruka. Nisingependa karani kijana wa chama chochote cha msingi alale usiku kama ule.

Miaka kumi iliyopita mlitupa macho yenu tukawatazamie. Leo natamani muyachukue tena, mtazame pamoja nasi.