Saini Iliyomfunga Jenerali

Madaktari wapya,

Mwaka 1969, mjini Tashkent, dola ya Kisovieti ilimkamata Pyotr Grigorenko, jenerali aliyekwisha kuvuliwa cheo, mtetezi wa Watatari wa Krimea waliofukuzwa kwao. Madaktari wa Tashkent walimpima wakaandika kwamba ana akili timamu. Hilo halikutakiwa. Akapelekwa Taasisi ya Serbsky ya magonjwa ya akili, Moscow, na huko wakapatikana wa kusaini kwamba ni mgonjwa wa akili. Alifungiwa hospitalini hadi 1974.

Mfungwa wa gerezani huhesabu siku zake. Aliyeandikiwa wazimu hana cha kuhesabu, maana kutoka kwake kumo mikononi mwa daktari. Akisema hana ugonjwa, huko kukana nako huingizwa kwenye faili kuwa dalili.

Mwaka 1971, daktari wa Kyiv, Semyon Gluzman, kijana wa rika lenu, alichambua maandishi ya kesi hiyo akaeleza kitaalamu kwamba Grigorenko ni mzima. Mwaka uliofuata alihukumiwa miaka 7 ya kambi ya kazi na 3 ya uhamisho. Ninamtaja mbele yenu kwa heshima kubwa.

Grigorenko alifariki New York mwaka 1987, bado akiwa mgonjwa katika makaratasi ya nchi yake. Ndipo mwaka 1991 jopo la madaktari wa akili likapitia faili za kesi yake kwa miezi kadhaa, na mwezi Oktoba likatengua ule uamuzi. Mwezi huohuo Urusi ilipitisha sheria ya kuwasafisha walioonewa kisiasa, nayo ikawahesabu miongoni mwao waliofungiwa hospitalini. Cheo chake kikarudishwa 1993. Mwenyewe hakuyaona.

Hilo ndilo linaloniuma. Kumfungulia mtu mlango wa wodi si kumrudishia haki. Jina lake bado limechafuliwa, kazi imempotea, majirani wanamkwepa, na kwa kawaida mahakama haifuti ugonjwa ulioandikwa na daktari mpaka daktari mwingine akubali kusema mwenzake alikosea. Hapo wengi wetu hunyamaza kwa kulindana.

Siku utakapoletewa faili la mtu wa namna hiyo, mwite mwenyewe. Mkalishe, msikilize, mpime upya, andika ulichokiona, tia saini, kisha umpe nakala yake mkononi angali hai.